Kwa nini baka la soriasisi hurudi palepale

Soriasisi ni ugonjwa wa ngozi unaotokana na kinga ya mwili. Baka lake la kiwikoni likipona, dawa huwekwa kando. Miezi ikipita linarudi, mara nyingi palepale, na lawama zinaiangukia sabuni. Sabuni imesingiziwa. Chini ya ngozi iliyolainika zimebaki seli T (seli za kinga ya mwili) zenye kumbukumbu, zimetulia tu hadi zichokozwe.

Seli za ulinzi zilizomo ngozini hutoa kemikali iitwayo interlukini-23. Hiyo huziamsha seli T, nazo humwaga interlukini-17 inayozihimiza seli za ngozi kuzaliana mbio. Kwa kawaida seli huchukua karibu mwezi kupanda kutoka chini hadi kubanduka; kwenye soriasisi ni siku 3 hadi 5. Zinafika juu zingali changa, zimeng'ang'aniana, zinarundikana kuwa magamba. Ukiyakwaruza yanapukutika kama nta ya mshumaa, na ukizidisha vinatoka vitone vya damu. Usiyabandue: jeraha dogo tu laweza kuzaa baka jipya wiki 1 au 2 baadaye. Vichokozi vingine ni maambukizi ya koo, na dawa kama lithiamu (ya maradhi ya akili) na klorokwini (ya malaria).

Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu wa vitabuni. Baka huwa la zambarau, kijivu au kahawia iliyokolea, ndiyo maana wengi hupakwa dawa ya fangasi miezi na miezi bure.

Krimu ya steroidi wengi huipaka kiduchu mno. Kamua mstari kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye kiungo chake cha kwanza: hiyo ni takriban nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili. Vidonge vya prednisoloni, steroidi ya kumeza, ni habari nyingine. Vinatuliza haraka, lakini ukiviacha soriasisi yaweza kulipuka mwili mzima, pengine na vipele vya usaha.

Methotreksati, dawa ya vidonge ya kutuliza kinga, humezwa mara 1 kwa WIKI. Andika siku hiyo kwenye boksi kwa kalamu nene, maana anayemeza kila siku huua uboho wake, na watu wamekufa hivyo.

Sindano za kuzuia TNF, kemikali nyingine ya kinga ya mwili, zinafanya kazi vizuri, ila kabla ya dozi ya kwanza lazima upimwe kifua kikuu, hata kama hukohoi. TNF hiyohiyo inayochochea baka ndiyo inayosaidia kuwafungia vimelea vya TB waliolala mapafuni.