Siku moja, mwongozaji mmoja: nilivyompeleka mama Arabuko-Sokoke, Gede na Mida

Mara yangu ya kwanza kufika Gede tulikuwa watu kumi na wanne ndani ya gari moja. Tulipewa dakika ishirini na tano kwenye magofu ya mji huo wa kale, halafu saa nzima kwenye duka la vinyago ambalo hakuna aliyeliomba. Mama goti lilikuwa linamsumbua, akabaki garini. Tuliporudi akauliza, "Haya, mmeona nini?" Nikakosa la kusema, maana kusema kweli sikuona kitu zaidi ya mgongo wa mtu aliyekuwa mbele yangu.

Safari hii nikasema hapana. Tulikuwa Malindi kwa mama mdogo, mimi, mama na binti yangu wa miaka tisa, na siku moja tu ya kutembea. Gede iko kilomita kama kumi na tano kutoka pale, msitu wa Arabuko-Sokoke umepakana nayo, na hori la Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, liko ng'ambo kidogo ya barabara kuu. Nilitaka mwongozaji wetu wenyewe, atuchukue asubuhi na kuturudisha jioni, asiwe na kundi jingine la kulikimbilia.

Wa kwanza niliyezungumza naye alikuwa dalali wa ufukweni. Bei aliitaja kwa pumzi moja: "Kila kitu ndani, dada." Nikamuuliza ni nani hasa atakayetembea nasi. "Yeyote atakayekuwepo." Nikamshukuru, nikaenda zangu.

Wa pili nilimfuata mwenyewe kwenye kituo cha msitu cha Gede, si mbali na njia panda ya Watamu. Waongozaji wa msituni wana chama chao, na wengi wao ni watu wa vijiji vinavyouzunguka msitu. Niliyeelekezwa kwake alikuwa na beji ya fedha. Kwa asiyejua, Kenya waongozaji hutahiniwa na kupewa daraja la shaba, fedha au dhahabu, na si vibaya kuomba kuiona hiyo beji. Lakini beji siyo iliyonifanya nimchague. Nilimwambia siku tunayotaka, na kabla hajataja pesa akasema, "Ngoja niangalie mwezi."

Sikuelewa. Akanieleza kwamba siku hiyo itakuwa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo au mpevu ambapo bahari hupwa na kujaa sana, na wakati wa bamvua pwani yetu maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Ukifika Mida maji yamepwa utaona tope, na ndege wako mbali kama punje za mtama. Ukifika maji yakiwa yanapanda, yanawasukuma ndege wakusogelee, na mtumbwi unaelea. Kwa hiyo Mida ni baada ya chakula cha mchana. Msitu ni alfajiri, kabla wanyama hawajaingia vichakani. Gede ni katikati, kwa sababu kuna miti mikubwa na jua la saa tano halitamchoma mama. Ratiba yote ilipangwa na maji, mimi nikabaki kuitikia tu.

Nilimweleza habari ya goti. Nilimwambia pia mtoto huchoka haraka na huuliza maswali mengi. Hakusema "hakuna shida", jibu ambalo mimi huliogopa. Aliuliza: anaweza kutembea dakika ngapi bila kukaa? Ngazi anapanda? Njoo na kiti cha kukunja.

Pesa tulizitenganisha na kuziandika kwenye WhatsApp: yake ya siku nzima, ya gari na mafuta (gari tulikodi kwa jirani wa mama mdogo, na dereva wake), viingilio, na ya mtumbwi ambayo inaenda kwa wanakijiji wa Mida. Viingilio vya serikali siku hizi hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, na raia mwenye kitambulisho hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo vitambulisho tulivibeba. Nikampa theluthi ya pesa zake kwa M-Pesa, iliyobaki jioni. Mwisho wa ujumbe nikaongeza mstari mmoja: duka la vinyago hatuingii. Akajibu kwa kikatuni cha kucheka.

Kumi na mbili kasoro tulikuwa msituni. Binti alitaka ndovu. Mwongozaji akamwambia ndovu wamo, ila leo atakachokiona ni mavi yao, na kweli tulikuta bonge zima njiani, bado linafuka. Pia kuna bundi mdogo wa Sokoke, urefu wake haupiti kiganja na vidole, ndiye watu wanayemfuata kutoka nchi za mbali. Lakini yeye hukaa upande wa udongo mwekundu, kwenye vichaka vizito, na kumtafuta kungetula saa mbili na kumwacha mama garini tena. Tukamwacha bundi. Binti alinuna mpaka tukakaribia kituo cha pili.

Mama tulimwekea kiti pembeni ya njia, chini ya mti, dereva akiwa karibu yake. Sisi watatu tukasonga mbele polepole. Mwongozaji alikuwa akisimama kila hatua chache na kuinua kidole. Majani makavu yalikuwa yanachakurwa mahali fulani kulia kwetu, kwaru kwaru, kisha kimya, kisha kwaru tena. Tulisimama mpaka mguu wangu ukafa ganzi. Hatukuona kitu.

Tuliporudi mama alikuwa amenyoosha mkono kututuliza. "Nyamazeni. Alikuwa hapa."

"Nani?"

"Panya. Si panya. Pua kama mkonga, miguu myembamba kama ya paa, na huku nyuma kama mtu aliyekalia bizari ya manjano."

Mwongozaji alicheka kwa furaha. Ni sange, yule wa matako ya dhahabu, mnyama wa pwani ya Kenya tu, na msitu huu wa kilomita za mraba kama 420 ndio ngome yake kubwa. Wanaishi wawili wawili, dume na jike. Hujenga viota vya majani kadhaa chini, akilala hiki leo na kile kesho, adui asijue yuko wapi. Na pale palipo na manjano, ngozi ni nene kuliko kwingine, maana wakigombana ndipo wanapoumana. Mama alitikisa kichwa kama aliyekwishajua yote hayo. Dakika kumi baadaye kitu cha manjano kikakatiza njia mbele yetu kama kimerushwa, na huyo ndiye sange wetu sisi tuliotembea.

Gede tulianza vibaya. Mtandao ulikuwa mzito langoni, malipo yakazunguka tu kwenye simu, na kima mmoja akatumia nafasi hiyo kumpokonya binti hamri lake la mwisho. (Nilijua nilipaswa kulipa usiku uliotangulia. Sikulipa.) Tulipitisha robo saa kwa Kipepeo, mradi ulioanza mwaka 1993 hapo hapo langoni: wanakijiji hufuga vipepeo wa msituni, na pupa zao, vile vifuko ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, huuzwa nje ya nchi kwa maonyesho. Binti alionyeshwa pupa iliyoning'inia kama hereni ya kijani na akakataa kabisa kuamini kwamba iko hai, hadi ilipojinyonganyonga.

Ndani ya magofu mwongozaji alianza na maneno aliyoyazoea. Mji ulianza mnamo karne ya 12, ukashamiri karne ya 15, ukahamwa karne ya 17. Mwanaakiolojia James Kirkman aliufukua kuanzia mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia. Halafu akaingia kwenye majini. Kirkman mwenyewe aliandika kwamba alikuwa akihisi kuna kitu kinamtazama nyuma ya kuta, na mwongozaji alikuwa anaelekea kunogesha hapo, sauti ameishusha. Kucha za binti zikanizama mkononi. Nikamkonyeza. Kwa kundi la watu kumi na wanne huwezi kumkonyeza mwongozaji. Akageuka bila hata kukata sentensi, akatupeleka kwenye kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399. Mama alisimama hapo akasoma Fatiha, na sote tukanyamaza.

Kilichofuata ndicho sikukitegemea. Tuliingia kwenye nyumba moja karibu na kasri, kuta zimebaki hadi kiunoni, na mwongozaji akaanza kueleza: hapa mlango, hapa uwanja wa ndani. Mama akamkatiza.

"Kiwanda."

"Mama?"

"Huo si uwanja, mwanangu. Ni kiwanda, ndivyo ua wa ndani ya nyumba unavyoitwa. Na pale ulipotupitisha, penye vibaraza viwili, ni daka. Nyanya yangu alikuwa na nyumba kama hii Lamu."

Akatembea mwenyewe, goti na yote, mkono ukutani. Akaonyesha mahali ambapo zidaka zingekuwa, vile vitundu vya ukutani vya kuwekea vyombo. Chooni alisimama muda mrefu zaidi. Palikuwa na tundu la shimo na mahali pa kutawadhia, vyote vya mawe, vimechongwa vizuri. "Nyanya yangu angepapenda hapa," akasema. Mwongozaji hakuwa na karatasi. Alitoa kalamu akaandika kwenye kiganja: kiwanda, daka, zidaka. Kwa muda wa nusu saa hivi yeye ndiye aliyekuwa anaongozwa, na wala hakuona haya. Msikitini akarudi kuwa mwenyeji wetu, akatuonyesha mkuki uliochongwa juu ya mlango, na kisima, na hoja ambazo watu hawajaacha kubishania: je, watu walihama kwa sababu maji ya visima yalishuka, au walikimbia vita vya Waoromo, au vurugu za enzi za Wareno? Hakutuchagulia moja.

Binti ndiye aliyeuliza swali la siku. "Mbona vyumba ni virefu halafu vyembamba?" Kweli, hatua zangu nne hazikuenea kwa upana. Mwongozaji akamwambia paa lilibebwa na boriti, na boriti ina mwisho wake. Mti ukikoma, na ukuta unakuja.

"Mti gani?"

"Utauona mchana."

Chakula na sala vilitula muda mwingi kuliko tulivyopanga, na mama alilala usingizi wa nusu saa kwenye kiti cha gari, mdomo wazi. Hakuna aliyemwamsha. Tulifika Mida saa tisa kasorobo, maji yakiwa yanapanda, yanaingia kwenye mizizi bila sauti.

Pale kuna daraja la mbao linaloning'inia katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Linayumba. Mama alikanyaga ubao wa kwanza, akarudi. "Hili silitaki. Ule mtumbwi je?" Mimi ningemwambia mtu wa goti bovu asijaribu mtumbwi. Yeye alikunja leso, akashika bega la mwenye mtumbwi, akaketi kana kwamba amerudi nyumbani. Mimi na binti tukapita darajani na mwongozaji. Kibandani akatufungia darubini yake kwenye mguu wa chuma: ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, wanaokula kaa. Walikuwa kwenye kipande cha tope kilichokuwa kinapungua, wakisogea kwetu hatua baada ya hatua kwa sababu maji yaliwafuata nyuma. Mmoja alimkamata kaa, akamtikisa mpaka miguu ikang'oka, akammeza. Binti aliomba kuona tena.

Kisha tukateremka kwenye mtumbwi alikokuwa mama. Alikuwa amekwisha kumuuliza mwenye mtumbwi watoto wake wangapi na nani anasoma wapi. Akawa anataja miti tunapoipita: huu mchu, ule mkandaa, na huu wenye mizizi kama miguu ya buibui ndio mkoko.

"Boriti ni hii?" binti akauliza.

"Hiyo, na mkandaa."

Tukasogezwa karibu. Binti akainuka taratibu, mwongozaji kamshika kiuno, akanyoosha mikono yake miwili kwenye shina lililosimama wima, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, akaweka alama kwa ukucha, akapima tena kutoka hapo kwenda juu.

"Pima mbili na kidogo," akasema. "Haufiki hata upana wa chumba chetu."