Nilivyonyoosha miale ya ukingoni kwenye darubini ya faiba

Kilichonichelewesha ni kuisanifu darubini ya spektra (inayopeleka mwanga wa kila nyota kwa faiba, uzi mwembamba wa kioo, ukatawanywe kwa rangi zake) kama vile ni ya kupiga picha.

Nilikuwa na kioo kikuu cha mita 4, lenzi 6 mbele ya fokasi (mahali miale inapokutana), uwanja wa anga wa digrii 3.2, f/3.9 (urefu wa fokasi ni mara 3.9 ya kipenyo cha kioo). Mpangilio huo niliuiga kwa DESI, kifaa cha spektra cha faiba kilichofungwa kwenye darubini ya Mayall kule Kitt Peak, Arizona. Anza na skeli: urefu wa fokasi, mm 15,600, ugawe kwa 206,265 (idadi ya sekunde za tao katika radiani moja), unapata mikromita 75.6 kwa kila sekunde ya tao, yaani 1/3600 ya digrii. Faiba ya mikromita 107 inashika sekunde 1.4.

Programu ilinipa vidoa vya nyota vidogo hadi ukingoni, nikaridhika mapema. Nilipopima pembe, nikakuta mwale wa katikati ya koni ya mwanga unaingia faiba za pembeni umeinama digrii 2.1. Koni ya f/3.9 ina nusu-pembe ya digrii 7.3, spektrografu yangu (kifaa kinachotawanya rangi) inapokea f/3.6, yaani 7.9. Akiba ni digrii 0.6 tu! Mwale ulioinama hautoki kwenye faiba kwa upande ulioingilia. Huzungushwa humo ndani ukatoka kama pete pana, na kinachozidi 7.9 kinapita nje ya kolimeta, sehemu ya spektrografu inayoifanya miale iwe sambamba. Nyota umeilenga barabara, mwanga wake haufiki.

Dawa ilikuwa kuacha kulazimisha uso wa fokasi uwe bapa. Kamera inadai ubapa, faiba hazidai: kila moja unaifunga kwa kina chake. Niliuachia uso ujipinde, nikaweka sharti mwale wa katikati usizidi digrii 0.5 kutoka wima wa uso huo, si kutoka mhimili wa darubini. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Sampuli nazo, yaani nukta za uwanja ambazo programu inapimia, nilizigawa kwa eneo, maana nusu ya faiba ziko nje ya asilimia 71 ya nusukipenyo. Vidoa vilikua kidogo, na sijutii: hewa peke yake huitandaza nyota kufikia sekunde 1 hivi.

Hewa hiyohiyo, nyota ikiwa digrii 30 juu ya upeo wa macho, hutenganisha mwanga wa nanomita (nm) 360 na wa nm 980 kwa takriban sekunde 3, mara mbili ya upana wa faiba. Lenzi 2 kati ya zile 6 zina ukabari kidogo (upande mmoja ni mnene kuliko mwingine), nazo huzungushwa kuzirudisha rangi pamoja. Zikizunguka, taswira nayo hupindika, kwa hiyo nafasi za faiba hukokotolewa upya kila mara. Sharti la digrii 0.5 lipime kabari zikiwa zimezungushwa hadi mwisho; ndiko linakovunjika kwanza.