Asubuhi na detepwani katika mwalo wa Kibirizi

Jua la Kigoma huchelewa. Mwishoni mwa Septemba, watu wa Dar es Salaam huliona tangu saa kumi na mbili na dakika kumi hivi, ilhali sisi wa huku mwisho wa reli hulisubiri hadi karibu saa moja kamili, na hata likishachomoza huwa bado lina vilima vya nyuma ya mji vya kupanda kabla halijaufikia ufuo. Kwa mpiga picha wa ndege kuchelewa huko ni neema. Wavuvi wa dagaa wanakuwa wanarudi, ndege wameshaamka, mwanga upo lakini hauna makali, na jua linapofika hatimaye hutokea mgongoni, kwa sababu ufuo wetu unatazama magharibi. Ukisimama Kibirizi asubuhi na kulielekea ziwa, kila ndege aliye mbele yako huwa ameangazwa usoni. Wapiga picha wa ng'ambo ya pili, upande wa Kongo, bahati hiyo huipata jioni.

Siku ya kwenda sikuichagua kwa kalenda ya ukutani, niliichagua kwa mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika hushinda kilindini mchana na kupanda juu usiku, wakiwafuata viumbe wadogo ambao ndio chakula chao, na wavuvi huwavuta kwa taa: zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola. Taa hizo hazina nguvu mbele ya mbalamwezi, kwa hiyo siku za mwezi mpevu mitumbwi mingi huvutwa ufuoni na watu hushona nyavu. Nilipoanza kupiga picha za ndege, miaka minne iliyopita, jambo hilo sikulijua. Nilikwenda Kibirizi Jumamosi moja ya mwezi mpevu, nikakuta ufuo mtupu na mwewe wawili juu ya paa la bati, nikarudi nyumbani nikiamini kwamba ndege wamehama. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu ndiye aliyenieleza baadaye, kwa upole mwingi, kwamba nisubiri giza la mwezi. Tangu hapo sijakwenda tena mwaloni bila kwanza kuutazama mwezi uko wapi.

Niliondoka Mwanga, hapa hapa mjini Kigoma, saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa bodaboda, nikiwa na kamera, lenzi ya milimita 100 hadi 400, betri mbili na kanga ya kukalia. Nikifika huanza kwa viongozi wa mwalo, hata kama wananifahamu, kwa kuwa lenzi ndefu katikati ya watu wanaofanya kazi huleta maswali, na Kibirizi ni mahali pa kazi hasa: hapo hushushwa dagaa na migebuka, na hapo hapo hupakiwa abiria na mizigo ya boti ziendazo Gombe na vijiji vya kaskazini. Baada ya viongozi huja zamu ya kina mama wanaoanika. Kwa hao siombi ruhusa tu, naomba pia nafasi, maana kila hatua ya ufuo ule ina mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja tena kwa hao ndege wako?"

"Nimekuja, mama. Naomba nikae pale mwisho wa chanja, nisiwasumbue."

"Kaa. Ila mwewe akishuka upige kelele kwanza, picha baadaye."

Nilimwahidi hivyo, na asubuhi ile nilipiga kelele mara tatu.

Mitumbwi ilianza kuingia kabla jua halijatoka. Ile ya dagaa huenda miwili miwili, imefungwa pamoja kwa magogo, na wavu hutandazwa katikati yake chini ya taa, kisha huinuliwa. Kwenye nyavu hizo hubaki dagaa walionasa, na wengine humwagika wakati wa kupakua, na hao ndio wanaowaita ndege. Mwewe wenye mdomo wa njano huja wa kwanza. Hawatui: hushuka kwa mzunguko, humnyakua dagaa kwa kucha na kumla wakiwa bado angani, kichwa kikiwa kimeinamia miguu. Kunguru wenye kifua cheupe hutembea mchangani kama watu wenye shughuli zao. Yangeyange husimama kwenye maji ya kifundo cha mguu wakisubiri kinachoelea. Fundichuma mmoja, ambaye naamini ni yule yule ninayemwona kila safari, alikuwa akichokora chini ya mtumbwi mbovu kwa miguu yake, akitikisa tope ili vilivyojificha vitoke. Pembeni kabisa, mbali na vurugu, alikuwapo kitwitwi mdogo wa kahawia aliyetoka kuzaliana Ulaya au Urusi, akitembea kwenye mawe huku akitikisa mkia bila kupumzika. Yeye hukaa nasi mpaka karibu na Aprili, na wengi wa wanaopita hapo hawajui kwamba mbele yao kuna msafiri wa umbali huo.

Kwa muda mrefu niliwachukulia ndege wote hawa kuwa kundi moja linaloishi kwa mabaki ya wavuvi. Mwaka 2024 ulinibadilisha mawazo. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka huo ziwa lilifungwa kwa uvuvi upande wa Tanzania, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana na kukua. Nilikwenda Kibirizi mara kadhaa katika miezi hiyo mitatu. Chanja zilikuwa tupu, mchanga haukuwa na hata gamba moja la samaki, mwewe walikuwa wachache wakizunguka upande wa sokoni, na yangeyange sikuwaona kabisa. Lakini detepwani, wale ndege wadogo weusi na weupe wanaojitupa majini kukamata samaki, walikuwapo, tena wale wale, kwenye kamba zile zile za mitumbwi, wakifanya kazi kama kwamba hakuna kilichobadilika. Ndipo nilipoelewa kuwa yeye hapokei kitu kutoka kwetu. Anakaa kwenye mitumbwi yetu kwa sababu ni mahali pazuri pa kuyatazama maji, na riziki yake anaitafuta mwenyewe.

Tangu mwezi ule wa Mei detepwani amekuwa ndiye sababu ya safari zangu. Ni ndege mdogo, mweusi na mweupe tupu, mwenye kishungi kilichochakaa na mdomo mrefu mweusi. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja tu, nao haukutani katikati. Wapiga picha wanaokuja Kigoma kutoka mbali humpita bila kumtazama, kwa kuwa yupo karibu kila penye maji barani Afrika, na wao wanataka sokwe wa Gombe au furukombe akiwa na samaki mkubwa. Siwalaumu, lakini naona wanapitwa na jambo kubwa. Ndege huyu anaweza kusimama hewani, pasipo upepo wa kumshikilia, kwa muda ambao ndege wachache sana wa ukubwa wake wanauweza. Mwili unasimama wima, mabawa yanapiga kwa kasi ambayo jicho linaona ukungu tu, mdomo umeelekea chini, na kichwa hakitikisiki hata kidogo. Nimemwangalia mamia ya mara na bado nashika pumzi kila anapofanya hivyo.

Kumpiga picha si rahisi. Asubuhi ile maji yalikuwa bado yamefunikwa na kivuli cha vilima, kwa hiyo yalikuwa karibu meusi, na kamera inapoona weusi mwingi hudhani kuna giza na kuongeza mwanga. Matokeo yake kifua cheupe cha ndege huungua, manyoya yote yakawa kama karatasi. Nilipoteza picha nyingi sana kwa namna hiyo kabla sijajifunza kupunguza mwanga kwa hatua moja au zaidi, nikikubali maji yawe meusi zaidi ili kila unyoya wa kifua ubaki unasomeka. Weusi wa uso wake ni tatizo la pili, maana jicho lake pia ni jeusi, na bila nukta ya mwanga ndani ya jicho ndege huonekana kama amekufa. Nukta hiyo huletwa na jua la mgongoni, ndiyo maana nilikaa bila kupiga picha yoyote ya maana hadi saa moja na nusu, jua lilipovuka kilima.

Kulikuwa na moshi. Septemba ni mwezi wa kuchoma mashamba na misitu, na milima ya Kongo haikuonekana kabisa. Ziwa liliishia kwenye weupe usio na mwisho. Katika mambo mengine moshi huo unaniumiza moyo, lakini siwezi kukataa kwamba ulilainisha mwanga na kuufuta upande wa nyuma wa picha, hata ndege akaonekana yuko peke yake duniani.

Dume niliyemfuata alikuwa ametua kwenye ncha ya mtumbwi, kama hatua ishirini kutoka nilipokaa. Ziwa likiwa limetulia huwa anawinda kutoka pale pale alipotua, lakini upepo mdogo ulipoanza kukwaruza uso wa maji, kwenye saa mbili, alianza kwenda mbele na kusimama hewani. Karibu na ufuo ndiko wanakoishi dagaa wachanga kabla hawajakomaa na kwenda mbali, kwa hiyo hakuhitaji kwenda kilindini. Niliweka kasi ya 1/2500 ya sekunde, nikachagua kipande kimoja cha maji na kusubiri. Alijitupa mara tano akatoka mdomo mtupu. Mara ya sita alitoka na samaki mdogo wa fedha, akarudi kwenye mtumbwi, akampiga ubavuni mwa mbao kushoto na kulia hadi akalegea. Nilidhani sasa atammeza, nikakaza kidole. Badala yake aliruka akiwa naye, akapita mbele yangu kwa usawa wa macho na kuelekea kaskazini kandokando ya maji mpaka nikampoteza. Nilidhani kelele za injini ya boti ya abiria zilimtisha, na nilisikitika sana.

Sikitiko hilo lilikuwa na mzizi wa nyuma. Zamani kidogo, nilipoanza, detepwani wa upande ule walikuwa na mashimo yao kwenye ukingo wa udongo mwekundu karibu na mdomo wa kijito. Hawajengi kiota mtini. Dume na jike huchimba kwa mdomo na miguu njia ya chini kwa chini inayozidi mita moja, na mayai hutagwa mwishoni mwake. Mara nyingi vijana wa kiume wa mwaka uliotangulia hubaki kuwasaidia wazazi kulisha wadogo zao, jambo ambalo nililiona kwa macho yangu pale, ndege watatu wakipokezana mlango mmoja. Kisha maji ya ziwa yakapanda. Wakazi wa pwani yetu wanakumbuka vizuri miaka hiyo, nyumba zilizoingiliwa na maji na miti iliyokufia ndani ya ziwa. Ukingo ule ulilika kutoka chini, ukadondoka kipande kwa kipande, na msimu uliofuata haukuwapo. Tangu hapo nimekuwa nikiwaona detepwani wakiwinda lakini sijaona mahali wanapozalia, na nilianza kuogopa kwamba wanaobaki ni wazee tu.

Nilifungasha saa tatu, mwanga ulipokuwa mkali na dagaa wa yule mama wameshaanza kukauka. Alinipa kidogo nifunge kwenye kanga, nami nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera mwewe wake wa asubuhi. Njiani, juu ya mchikichi, alikuwa ametua tai mweupe na mweusi mwenye ngozi nyekundu kuzunguka jicho, yule alaye chikichi, nikasimamisha bodaboda kwa dakika tano. Huyo nitamwandikia siku yake.

Jioni nilikaa kuchambua picha 611. Nilifuta zaidi ya nusu bila huruma. Zile za kusimama hewani nilibakiza nne, na moja kati yake ina kila nilichokitafuta, jicho, kishungi na tone la maji kwenye ncha ya mdomo. Kisha nikafika kwenye ile ya mwisho ya dume akiruka na samaki, ambayo nilitaka kuifuta kwa sababu bawa moja limekatika pembeni. Niliikuza ili nione kama jicho limeshikwa sawasawa. Nikaona kichwa cha samaki.

Ndege wa ukoo huu anapokula mwenyewe humgeuza samaki ili kichwa kitangulie kooni, mapezi yasije yakamkwama. Anapompelekea mwingine, jike wake au makinda, humshika kinyume, kichwa cha samaki kikitazama nje, ili atakayepokea ndiye ameze kwa kuanzia kichwani. Katika picha yangu kichwa kilikuwa nje, macho ya dagaa yakitazama mbele, kule kule alikokuwa akielekea dume.

Asubuhi iliyofuata nilirudi bila kamera. Nilitembea kaskazini kandokando ya maji, nikakaa mbali, nyuma ya matete, kwa zaidi ya saa moja. Mahali penyewe sitapataja hapa. Ni ukingo mdogo, mpya, ambao ziwa limeuacha wazi baada ya maji kushuka na kiangazi hiki, na katikati yake pana tundu lisilozidi upana wa ngumi. Dume alikuja na samaki, akaingia ndani bila kusita, akatoka mtupu. Baada yake akaingia mwingine mwenye mkanda mmoja.