Mkurugenzi mpya ataanza kwa kuhesabu nini?

Shirika ninalofanyia kazi, ambalo huwahifadhi watu wasio na makazi na kuwasaidia kupata pa kuishi, limepata mkurugenzi mtendaji mpya baada ya nafasi hiyo kukaimiwa kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Taarifa kwa wafadhili imekwisha kutumwa, ikiwa na picha na yale maneno ambayo taarifa za namna hiyo hazikosi: uzoefu, weledi, dira mpya. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya usaili kwa niaba ya wafanyakazi wa zamu, na siri za kamati zitabaki ndani ya kamati. Hata hivyo, lipo jambo nililolisema waziwazi mbele ya wajumbe wenzangu na ambalo sioni ubaya kulirudia hapa, nalo ni kwamba kiongozi wa shirika kama letu hujulikana kwa kile anachoagiza kihesabiwe, kwa kuwa ndicho ambacho wafanyakazi watakihangaikia, wafadhili watakilipia na bodi itakijadili.

Kwa miaka mingi sisi tumehesabu vitanda. Ripoti ya kila robo mwaka huanza na idadi ya vitanda vilivyolaliwa, ikafuata idadi ya milo iliyotolewa, na mwishoni kabisa, katika aya ambayo mara nyingi huandikwa jioni ya siku ya mwisho, hutajwa watu kadhaa waliounganishwa na huduma nyingine. Takwimu za vitanda ni za kweli, na ni rahisi kuzikagua. Lakini bweni linalojaa kila usiku linaweza kuwa limejaa watu wale wale tangu mwaka unaanza hadi unakwisha, na kwenye ripoti likaonekana limefanikiwa kuliko bweni ambalo nusu ya wageni wake wamepata vyumba vyao wenyewe na kuacha vitanda vitupu. Kwa hesabu hiyo, anayeondoka kwenda kwake anatupunguzia sifa, na anayerudi anatuongezea.

Anayetaka kujua hali ilivyo asianzie kwenye ripoti. Aanzie kwenye daftari la zamu ya usiku. Letu lina jalada gumu, hukaa juu ya meza karibu na mlango, na kalamu yake imefungwa kwa uzi ili isichukuliwe. Msimamizi huandika saa, jina, namba ya kitanda na tukio. Humo utasoma kwamba mgeni fulani alifika saa tano usiku akitokea hospitali, ameruhusiwa akiwa na kidonda kibichi na cheti cha dawa asizoweza kuzinunua. Utasoma kwamba mwingine ameomba mfuko wa nailoni wa kuhifadhia kitambulisho kipya, kwa kuwa cha kwanza kiliharibika kwa mvua, na bila kitambulisho hawezi kusaini mkataba wa pango wala kufungua akaunti ya benki. Kisha, kurasa kadhaa mbele, utakuta jina la mtu tuliyemuaga kwa shangwe miezi michache iliyopita limerudi, na pembeni msimamizi ameandika kwa ufupi kwamba alishindwa kodi. Katika fomu ya ripoti hakuna mahali pa kuiandika habari hiyo, na kwa hiyo haijawahi kufika mezani kwa bodi.

Katika juma lake la kwanza mkurugenzi aliomba aletewe madaftari ya mwaka mzima, akakaa nayo ofisini mlango ukiwa umefungwa. Watu wa mipango walishangaa kidogo, maana walikuwa wamemwandalia mpango mkakati wenye jalada la rangi.

Kuhesabu wanaotoka na kubaki makwao badala ya kuhesabu wanaolala kwetu si wazo jipya. Mwaka 1992, mjini New York, mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianzisha shirika la Pathways to Housing, ambalo liliwapa nyumba za kupanga watu waliokuwa wakiishi mitaani na wenye maradhi ya akili, bila kuwataka kwanza waache pombe au wakubali tiba, kisha huduma zikawafuata humo humo nyumbani. Utaratibu huo, ambao tunauita Makazi Kwanza, ulijaribiwa baadaye nchini Kanada katika utafiti mkubwa ulioanza mwaka 2009 na kuhusisha watu zaidi ya 2,000 katika miji mitano, wengine wakipewa nyumba pamoja na huduma, wengine wakiachwa kwenye huduma za kawaida zilizokuwapo. Waliopewa nyumba waliishi ndani ya nyumba kwa muda mrefu zaidi, na tofauti hiyo haikuwa ndogo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Finland, kwa sababu huko uamuzi uligusa majengo yenyewe. Mwaka 1985 jiji la Helsinki lilikuwa na vitanda 2,121 vya hosteli na mabweni ya watu wasio na makazi. Kufikia mwaka 2008 vilikuwa vimebaki 558, na mwaka 2016 vilikuwa 52 tu. Chini ya mpango wa taifa ulioanza mwaka 2008, mabweni yaligeuzwa kuwa nyumba ndogo zenye mikataba halali ya upangaji, Jeshi la Wokovu likiwa miongoni mwa wale walioifumua hosteli yao kubwa na kuijenga upya kuwa makazi ya kudumu, huku mashirika kama Y-Säätiö, lililoanzishwa mwaka 1985, yakinunua na kujenga nyumba za kupangisha. Sisemi kwamba wamemaliza kazi, kwani mwaka 2024 idadi ya wasio na makazi nchini humo ilipanda tena baada ya kushuka kwa zaidi ya miaka kumi. Ninachokitazama mimi ni ujasiri wa kiongozi wa hosteli anayesimama mbele ya bodi yake na kuomba ruhusa ya kufuta vitanda ambavyo ndivyo vinavyomletea ruzuku.

Ruzuku ndiyo hasa inayomfunga mikono kiongozi yeyote anayeingia. Fedha zetu nyingi zina masharti: hizi ni za chakula, zile ni za malazi ya dharura, nyingine ni za magodoro na blanketi na haziruhusiwi kununua hata kitasa cha mlango. Mfadhili mkubwa hulipa kwa kitanda kwa usiku. Mshahara wa mfanyakazi wa ustawi wa jamii anayemtembelea mpangaji mpya katika mwezi wa nne hauna mwenyewe, ilhali huo ndio mwezi ambao msaada wa kuanzia maisha umekwisha, kodi imechelewa, jirani amelalamika kuhusu kelele na mwenye nyumba ameanza kupiga simu. Mkurugenzi aliyeondoka alilijua hilo vizuri, akajaribu kulipia kazi hiyo kutoka kwenye akiba ya shirika, lakini akiba ikaisha kabla matokeo hayajaonekana, na mkaguzi wa hesabu akaandika aya ambayo hakuna mkurugenzi anayependa kuisoma. Ukiikataa fedha ya vitanda ghafla, mishahara ya mwezi ujao haipo. Ukiendelea kuipokea ilivyo, utakuwa unalipwa kwa kuwarudisha watu mlangoni.

Katika mkutano wake wa kwanza na wafanyakazi, mmoja wetu alimuuliza mkurugenzi mpya angefanya nini iwapo mfadhili angejitolea kulipia vitanda vingine vingi. Wakuu wengi wangetumia nafasi hiyo kusifia ubia. Yeye aliuliza vitanda hivyo vitakaa kwa miaka mingapi, na ni nani atakayelipa mshahara wa mtu wa kuwatoa watu humo. Wapishi walicheka, wakidhani ni mzaha. Baadaye nikajua kwamba maswali hayo mawili ameshayaandika kwenye rasimu ya maombi yetu yote ya ruzuku, na kwamba anataka kila fedha ya kitanda iambatane na sehemu, hata kama ni ndogo, ya kumfuatilia mtu baada ya kuhama.

Liko pia suala la mwanzilishi, ambalo watu hulizungumza kwa sauti ya chini. Mashirika ya namna hii mara nyingi huzaliwa na mtu mmoja mwenye moyo mkubwa, na sifa za mtu huyo huwa ngao inayozuia maswali. Ufaransa imeona hatari yake kwa uchungu. Abbé Pierre, padri aliyeanzisha Emmaus, shirika la kuwasaidia maskini na wasio na makazi, mwaka 1949 na kufariki mwaka 2007, aliheshimiwa kwa miongo mingi kama msemaji wa wasio na nyumba, hadi mwaka 2024 zilipotolewa hadharani tuhuma nyingi za unyanyasaji wa kingono dhidi yake, na taasisi iliyokuwa ikibeba jina lake ikaamua kuliacha. Mwanzilishi wetu hatuhumiwi lolote, na nisieleweke vibaya. Bado anakuja kila sikukuu kugawa chakula kwa mikono yake. Ila heshima tunayompa imetufanya tuamini kwamba mahali alipopajenga hapawezi kumdhuru mtu, na imani hiyo haina ushahidi.

Chukua sanduku la malalamiko. Limetundikwa ukutani nje ya bweni, lina kufuli, na kwa miaka yote hiyo ufunguo ulikuwa mfukoni mwa msimamizi wa bweni lile lile. Mgeni aliyenyang'anywa kabati lake, au aliyetukanwa na mlinzi, au ambaye ameguswa asivyotaka, alitakiwa aandike karatasi na kuikabidhi, kwa hakika, kwa mtu anayeweza kumtoa nje usiku huo huo. Ndiyo maana sanduku lilikuwa likifunguliwa na kukutwa tupu, na ripoti ikasema hakuna malalamiko. Sasa ufunguo uko kwa mjumbe mmoja wa bodi asiye mfanyakazi, na namba ya simu ya mjumbe huyo imebandikwa ndani ya milango ya vyoo, mahali ambapo mtu anaweza kuinakili bila kutazamwa. Malalamiko yameanza kuja. Baadhi ya wenzangu wanaona ni dalili kwamba hali imeharibika tangu uongozi ubadilike. Mimi naona ni mara ya kwanza tunapoisikia.

Kuhusu bodi yenyewe nitasema kwa ufupi. Limetolewa pendekezo kwamba watu waliowahi kulala nje wapewe viti, na karibu kila mtu analiunga mkono, jambo linalonitia shaka kidogo. Kiti kisicho na nauli, kisicho na posho ya kikao, na ambacho makabrasha yake hufika asubuhi ya mkutano yakiwa na kurasa za hesabu ambazo hazijafafanuliwa, ni kiti cha kupigia picha. Kama pendekezo litapitishwa pamoja na bajeti yake, nitafurahi. Vilevile ningependa bodi ijadili siku moja kwa nini wafanyakazi wa zamu ya usiku, ambao ndio wanaowafahamu wageni kwa majina na kwa vikohozi vyao, huacha kazi haraka kuliko watu wa ofisini, na mishahara ianze kuzungumzwa kabla ya semina za kuwatia moyo.

Kikao kijacho cha bodi kitaamua hatima ya bweni la ghorofa ya chini. Mkurugenzi anapendekeza ligawanywe kuwa vyumba vya mtu mmoja mmoja vyenye mikataba, na kuna kundi la wafanyakazi linalotaka kazi hiyo ifanyike kwa jengo zima mara moja. Mimi nimeandika maoni tofauti kidogo: tuanze na ghorofa hiyo, tuache vitanda vichache karibu na lango kwa ajili ya anayefika usiku wa manane hana pa kwenda, na kila atakayehamishwa kupisha ujenzi awe na mahali palipoandikwa kwenye karatasi kabla ukuta wa kwanza haujaguswa. Nimewahi kuona ukarabati mzuri ukiwarudisha watu barabarani kwa sababu ratiba ya fundi na ratiba ya nyumba hazikuonana.

Fomu ya ripoti nayo imebadilishwa. Robo mwaka hii itaanza na idadi ya watu waliohama na ambao, baada ya miezi sita, bado wako kwao. Watu waliorudi watafuata, pamoja na sababu, na vitanda vitakuja chini. Mhasibu ameshatuonya kwamba tarakimu ya juu itakuwa ndogo sana, na mfadhili mmoja ameomba aelezwe mapema kwa maandishi. Barua hiyo mkurugenzi anaiandika mwenyewe, na ataiambatisha na nakala za kurasa chache za daftari la usiku, majina yote yakiwa yamefutwa.