Kilwa ipi?

Juzi, nikiwa kwenye gati la Kilwa Masoko nikisubiri mashua, nilimwambia nahodha kwamba ninakwenda Kilwa. Mzee yule alinitazama kwa upole, kisha akaniuliza, "Kwani hapa uliposimama ni wapi, mwanangu?" Nikajirekebisha haraka: ninakwenda Kisiwani.

Jina la Kilwa, ambalo leo ni la wilaya nzima katika Mkoa wa Lindi, zamani lilikuwa la kisiwa kile. Ndicho alichokifikia msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, na ndicho ambacho Wareno, waliokivamia mwaka 1505, walikiandika Quiloa. Kivinje na Masoko, zilizo bara, zilipolichukua jina hilo, kisiwa chenyewe kikalazimika kuongezewa neno la kukitambulisha, Kisiwani, kama mwenye nyumba anayeulizwa jina na wageni wake. Nakiri kwamba jambo hilo linanichekesha.

Kinachonivutia zaidi ni kile kiambishi -ni. Kwa kuwa "kisiwani" maana yake ni "kwenye kisiwa", maandishi yanayosema "kisiwa cha Kilwa Kisiwani" yanataja kisiwa mara mbili, ingawa nami nimeandika hivyo mara nyingi bila kushtuka. Ndani ya mashua sikumsikia yeyote akisema hivyo. Abiria walisema "Kisiwani kumetulia", au "yule ni mtu wa Kisiwani", na neno Kilwa halikutajwa hata mara moja mpaka tulipoteremka karibu na magofu ya ngome.