Siku moja maishani mwangu: nzi niliowaacha mezani

Saa 10 na nusu alfajiri. Kabla sijawasha taa nasikiliza bati. Kimya. Lakini mfongo, mfereji wa maji ya mashamba, unaopita nyuma ya nyumba unanguruma kuliko jana jioni, maana yake huko juu msituni mvua imepiga usiku. Ni Novemba, vuli imekolea, na leo nina mgeni wa kumpeleka mtoni.

Kwa wasionijua: mimi nafunga nzi. Nzi wa kuvulia, yaani ndoana ndogo inayovishwa manyoya na nyuzi mpaka ifanane na mdudu. Nawauza kwa wageni, na anayetaka nampeleka kumtafuta samaki aitwaye trauti kwenye mito inayoshuka kutoka Kilimanjaro. Jirani yangu aliponiona mara ya kwanza nimeinamia jiliwa navalisha ndoana manyoya ya kuku, alinishika bega akaniuliza kama nalala vizuri.

Jana usiku nilifunga kumbikumbi sita. Mwili nilikata kwenye ndala kuukuu ya kahawia, kwa sababu sponji ya ndala haizami hata uifanyeje. Mabawa ni karatasi ya nailoni ya mkate. Kichwani nikapaka rangi ya kucha ya mke wangu, isiyo na rangi, ile inayong'aa tu, nikawapanga mezani wakauke. Nimeamka, nimekunywa chai, nimebeba begi, nimetoka. Kumbikumbi wamebaki palepale mezani, na mimi sijui.

Saa 12. Mgeni ananisubiri Double Road, mjini Moshi. Ni daktari mstaafu kutoka Dar, mama wa makamo aliyevaa buti za mvua na kofia ya mkeka.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, mwanangu. Umekula? Mimi mtu mwenye njaa simfuati porini."

Alijifunza kuvua kwa nzi Scotland alipokuwa akisoma huko, na tangu arudi hajawahi kurusha mshipi kwenye mto wa nyumbani. Leseni ya uvuvi anayo, nimeikagua. Tunapanda Noah, barabara inapanda nayo, hewa inapoa kila kona. Mto wenyewe siutaji. Wavuvi wenzangu wataelewa, na wasioelewa wataniuliza faragha, nako sitawaambia. Itoshe kwamba tunaishia vijijini, chini ya mpaka wa hifadhi.

Saa 1 na nusu. Daktari anafungua sanduku lake chini ya mgomba. Nzi kama mia mbili hivi, wamepangwa kwa rangi kama vitenge dukani. Anasema aliwanunua Edinburgh. Namchomoa mmoja, namgeuza, natazama uzi ulivyomalizwa kichwani. Safi sana. Kenya ni moja ya nchi zinazofunga nzi wengi wa kuuzwa Ulaya na Marekani, na mimi mwenyewe fundi wangu alikuwa wa Nairobi, alinifundisha kwa kunipiga vidole na mkasi kila nilipolegeza uzi. Namwambia Daktari huenda huyu alizaliwa Nairobi, akapanda ndege hadi Edinburgh, na leo karudi jirani na kwao kwa Noah.

"Kumbe nimelipa nauli yake," anasema.

Trauti naye ni mgeni vilevile. Yule aitwaye trauti wa upinde wa mvua asili yake ni mito inayomwagika Pasifiki, Amerika Kaskazini. Kenya Waingereza walianza kuwapandikiza trauti mwaka 1905, na huku kwetu ni Waingereza haohao waliowamwaga kwenye mito ya milimani. Anataka maji ya baridi yenye hewa nyingi. Yakivuka nyuzi 20 anaanza kuteseka. Nina kipimajoto cha jikoni, nakichovya: 15. Yuko nyumbani.

Saa 2. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanafungua sanduku, wanamchagua nzi aliyewapendeza wao. Mimi naingia majini hadi magotini, nainua jiwe.

Jiwe la kwanza, ukubwa wa sahani ya wali. Upande wa chini kuna mdudu mdogo mwenye mikia mitatu myembamba, bapa, rangi ya chai ya rangi, anakimbia kwenda kivulini kama mdeni. Huyo ni mtoto wa nzi wa majini, hajaota mabawa bado. Jiwe la pili lina vijumba vya mchanga vilivyogandishwa, kila kimoja kama punje ya mchele, na ndani yake buu. La tatu, penye maji ya kasi, limejaa viluwiluwi vyeusi vilivyojishika kwa mkia, vinapepea kama nyasi. Na chini ya la nne, kaa mdogo, ambaye alinifinya kidole kabla sijamsalimia.

Huku kwetu hakuna baridi kali ya kuwafanya wadudu wasubiri msimu mmoja watoke wote. Wanatoka mwaka mzima, kidogokidogo, kwa hiyo trauti wetu hana sahani moja. Anaokota kinachopita. Ndiyo maana mimi huanza na nzi wa chini ya maji asiyefanana sana na mdudu yeyote, ila anafanana kidogo na wote.

Maji leo yana rangi kidogo kwa ile mvua ya usiku, lakini vidole vya miguu naviona bado. Yangekuwa kama ugali wa ulezi ningefunga kitu kikubwa cheusi, namba 8, samaki aone kivuli. Kwa maji haya nachagua Pheasant Tail namba 14. Asiyejua ajue kwamba namba ikipanda ndoana inapungua. Nzi huyu ni wa Frank Sawyer, mtunza mto wa Avon kule Wiltshire, Uingereza, ambaye hakutumia uzi kabisa: manyoya ya mkia wa ndege na waya mwembamba wa shaba, basi. Waya ndio uzi, na ndio uzito. Mimi waya natoa kwenye mota zilizoungua kwa fundi umeme, na manyoya ni ya jogoo mwekundu, maana yule ndege wa Sawyer sokoni Mbuyuni hayupo.

Daktari anarusha vizuri kuliko nilivyotarajia. Samaki wawili wadogo, urefu wa kiganja, tunawarudisha. Nilijisikia bingwa.

Saa 4. Ubingwa umeisha. Maji yanashuka tukiyaona, mawe yaliyokuwa yamezama yanatoa migongo. Juu yetu kidogo mzee mmoja amesimama na jembe kwenye banio la mfongo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo zamu yetu." Anatazama fimbo ya Daktari. "Na nyie mnaogesha uzi?"

Huwezi kugombana na zamu ya maji. Ile mifereji ilikuwepo kabla ya trauti, na migomba inayonyweshwa ndiyo inayolisha watu. Mto ukipungua samaki wanahamia kwenye vidimbwi vya kina, wanakuwa waoga, wanakuona ukiwa bado mbali. Nikabadili nzi. Mzito zaidi. Mdogo zaidi. Mwenye manyoya ya sungura. Nikageuza mawe mengine, yakaniambia yaleyale, nami nikaendelea kuyaamini. Saa mbili nzima hakuna aliyegusa, na Daktari, kwa adabu zake, hakusema kitu, jambo lililoniuma kuliko angesema.

Saa 6 na robo. Hatimaye mmoja, wa kutosha chakula cha mtu mmoja. Daktari anasema huyu harudi majini, anataka kumla leo leo. Nampasua kando ya maji, na kabla ya kutupa utumbo nafungua tumbo, nalimwaga kwenye kifuniko cha chupa chenye maji.

Wale wa mikia mitatu: wawili tu. Kipande cha gamba la kaa. Vilivyobaki vyote, tonge zima, ni sisimizi weusi na kumbikumbi. Kumbikumbi! Mabawa yamebanana kama karatasi zilizolowa.

Nikainua macho. Juu ya dimbwi mabawa yanaelea. Kwenye majani ya migomba yamenasa mengine, na kuku wa ng'ambo wanayakanyaga wakitafuta wenye nyama. Tangu asubuhi nimeinama natazama chini ya mawe, na chakula kinadondoka kutoka juu. Nikafungua begi kutoa wale sita wangu wa ndala. Mfuko wa kwanza hawamo. Wa pili hawamo. Ndipo nikaiona meza yangu, na chupa ya rangi ya kucha pembeni.

"Umesahau nini?" Daktari akauliza.

"Nimesahau samaki, Mama."

Akasukuma sanduku lake kwangu bila maneno. Hamna kumbikumbi, Scotland watawajulia wapi? Lakini kuna Adams, nzi wa kuelea wa kijivu, alifungwa mara ya kwanza na Leonard Halladay huko Michigan, Marekani, mwaka 1922. Wa Daktari ni namba 12, kifua kimejaa manyoya, anasimama juu ya maji kwa ncha za vidole. Kumbikumbi aliyedondoka hasimami hivyo. Amelowa, amelala tumbo, mabawa yametanda. Nikachukua mkasi nikanyoa manyoya yote ya upande wa chini, nikaubana mwili kwa vidole mpaka ukalala. Daktari alifumba macho. Nadhani alikuwa anahesabu bei.

Nikamwambia asirushe katikati. Arushe chini ya tawi la mparachichi, pale sisimizi wanapodondokea, na mshipi aulegeze ili nzi asivutwe hata kidogo. Kumbikumbi mfu haogelei kukata mkondo.

Mara ya kwanza, hakuna. Mara ya pili nzi akaja taratibu, akapita kwenye kivuli, na pua ikatokea. Hakuna kishindo, pua tu, kama mtu anayeonja mchuzi. Nzi akapotea. Daktari akainua fimbo, ikapinda mpaka mpini, na mama wa watu akaanza kupiga kelele kwa Kizaramo.

Saa 10 jioni. Samaki watano kwenye lile dimbwi, wote kwa Adams mmoja aliyenyolewa, mpaka akabaki ndoana na uzi. Mkubwa kuliko wote alirudishwa majini. Yule mzee wa mfongo alishuhudia, akaenda zake akitikisa kichwa, na nina hakika habari imefika kilabuni kwenye mbege kabla sisi hatujafika barabarani.

Saa 2 usiku. Nimerudi. Kumbikumbi sita wako mezani, wamekauka vizuri sana, wanang'aa. Namweka kila mmoja kwenye kisanduku, kisanduku nakitia ndani ya kiatu cha kesho. Mke wangu anapekua droo.

"Rangi yangu ya kucha imekwenda wapi?"

"Ilitakiwa iende mtoni," namwambia, "ila imebaki hapa mezani."