Jeshi Lililobaki Kibanjani

Nilipoondoka nyumbani mwaka 2005, baba alinisindikiza hadi barabara ya Mutukula. Hakulia wala hakunikumbatia. Alisimama mguu pande, mikono nyuma, akaliangalia basi mpaka likapotea kwenye kona. Hiyo ndiyo sura yake ya mwisho niliyobaki nayo.

Nimerudi Julai 2024. Miaka 19 nimeishi Göteborg, Uswidi, kazi yangu ikiwa kulea wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwashika mkono wanapokata roho. Baba yangu mwenyewe alikata roho na kuzikwa mimi sipo.

Njia nzima kutoka Bukoba nilikuwa najiandaa kukuta pori. Mama amevuka miaka 70 na goti linamsumbua, kaka yangu yuko Dar es Salaam na hapati nafasi ya kuja mara kwa mara. Kibanja, yaani shamba letu la migomba na mibuni, kikikosa mkono wa mtu msimu mmoja tu, utakiona kwa macho. Kikikosa miaka minne kinageuka kichaka. Tena huku kwetu Missenyi kuna mnyauko, ule ugonjwa wa migomba uliomaliza vibanja vya watu Kagera nzima. Nilishapiga hesabu ya vijana wa kuwalipa wafyeke.

Sikuamini nilichokiona. Majani makavu yote yalikuwa yameondolewa, nyasi zimetandazwa vizuri kuzunguka mashina, mibuni imepogolewa, na kila mkungu ulioshatoa ndizi zake ulikuwa umeondolewa ua dume. Hata baba alipokuwa na nguvu zake kibanja hakikuwahi kuwa safi namna ile.

"Mama, nani anatunza kibanja?"

Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa. "Jeshi," akasema.

Aliyekuja jioni ile ni mzee mmoja mwembamba, kofia mkononi, panga kwapani limefungwa kwenye gunia. Nilimjua kabla hajafika uani, kwa mwendo. Ni baba yangu mdogo. Kwa kabila ni Mngoni wa Songea, mimi ni Mhaya, na damu hatuchangii hata tone. Lakini tangu nipate akili ninamwita baba mdogo, na siku zote amekuwa hivyo.

Sisi tuliolelewa kwenye kota za jeshi tutaelewana bila maelezo marefu. Nilizaliwa mwaka 1980, nikakulia Tabora, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na ya Mkurya upande mmoja na ya Mmakonde upande wa pili. Saa kumi na moja alfajiri hakuna mtoto aliyelala. Kitanda kinatandikwa shuka likiwa limenyooka, kona zimekunjwa. Jumamosi ni fatiki: kufagia, kuchota maji, kupaka chokaa mawe ya njia. Askari yeyote aliweza kukuadhibu ukikosea, na mke wa askari yeyote alikupa chakula bila kukuuliza wewe ni wa nani. Bibi yangu alizaa mtoto mmoja tu wa kiume, lakini mimi nina baba wadogo kumi na kitu, kutoka Mtwara hadi Tarime.

Kuna jambo moja nililipenda sana utotoni na hadi leo nikilikumbuka nafurahi. Yule Mkurya alimzidi baba umri, miaka minne au mitano hivi. Baba alikuwa sajenti, yeye koplo. Basi kila alipokuja nyumbani, hata miaka mingi baada ya wote wawili kustaafu, alisimama mlangoni, visigino pamoja, kifua mbele: "Jambo afande!" Baba alijibu, "Jambo." Halafu hapohapo baba aliinamisha kichwa: "Shikamoo kaka." Naye akajibu, "Marahaba, mdogo wangu." Kwanza cheo, kisha umri, ndipo waketi. Sijawahi kuona mmoja wao akiruka hatua hata siku moja.

Vita baba hakutusimulia. Tulijua tu yale ambayo kila Mtanzania anayajua: kwamba Oktoba 1978 majeshi ya Nduli Iddi Amini yalivuka mpaka yakaiteka nchi yetu yote ya kaskazini mwa mto Kagera, kwamba walililipua daraja la Kyaka, kwamba Mwalimu Nyerere alizungumza redioni akasema uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Nyumba yetu ilikuwa upande uliotekwa. Mama alikimbia na kaka yangu mgongoni, na baba akaja kupigana akiwa hajui kama mke na mtoto wako hai. Hayo aliniambia mama. Baba ukimuuliza habari za Uganda, alikuambia tu kwamba matoke yao yanakaribia ya kwetu.

Yaliyobaki nimeyapata mwaka huu, kutoka kwa baba mdogo, tukiwa tumekaa chini ya mbuni na chupa ya chai. Nayaandika kama alivyoyasema, na nimemwomba ruhusa.

"Mimi sikuwa askari, mwanangu. Mimi nilikuwa mgambo. Miezi mitano nyuma nilikuwa napalilia mahindi kwetu. Tulipofika Lukaya, kati ya Masaka na Kampala, barabara imepita kwenye kinamasi, kulia maji, kushoto maji. Tarehe 10 Machi, giza linaingia, maroketi yakaanza. Ya Walibya yale, walikuja kumsaidia Amini. Sasa sikiliza: mengi yalipita juu yetu yakaangukia mbali. Lakini wewe mkulima, ule moto angani, ile sauti! Tulikimbia. Hatukukimbia wachache, ila mimi nakueleza yangu. Nikaingia kwenye mafunjo, maji yakanifika kifuani, bunduki nimeinua juu kwa sababu hilo walitufundisha likakaa. Nikatulia humo. Usiku ukaenda. Mara nasikia mtu anaita, sauti ya chini kabisa. Jina langu hakulijua. Anaita, 'Mgambo! We mgambo! Toka huko, umekula?'"

Akanyamaza. Akamwaga chai iliyopoa, akajimiminia nyingine.

"Alikuwa baba yako. Alinipa biskuti, zimelowa. Hakuniuliza kwa nini nilikimbia. Hakuniuliza usiku ule, hakuniuliza mpaka anaingia kaburini."

Alfajiri walipangwa upya. Brigedi yao, ya 201, iliyokuwa na wanamgambo wengi, ikarudi kupigana, na ya 208 ikatokea upande wa pili. Kutwa nzima ya tarehe 11 Machi walipigana, na Walibya na watu wa Amini wakarudi nyuma wakiacha maiti barabarani. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 11, 1979, Kampala ikaanguka. Mkurya na Mmakonde nao walikuwa brigedi hiyohiyo. Nilipomuuliza baba mdogo zaidi kuhusu Kampala alisema viatu vilikuwa vimeisha, akabadilisha mazungumzo.

Vita vilipokwisha, wanamgambo wengi walirudishwa makwao kulima. Baba mdogo alirudi Songea, mambo yakamwendea vibaya, mazao yakakataa. Mwaka 1984 baba alimwandikia barua: njoo. Akamkatia kipande cha ardhi yetu, na kwa anayejua ardhi ilivyo na thamani kwa Mhaya, hilo si jambo dogo. Ndugu wa ukoo walinuna, kikao kikaitishwa. Mama ananiambia baba alisimama kwenye kikao kile akasema sentensi moja: huyu nilimtoa majini, siwezi kumrudisha. Wakamwachia.

Baba alikuwa askari wa kudumu, akapata pensheni. Mwenzake hakuwa nayo. Kila baba alipotoka kuchukua pensheni yake alipitia kwanza kwa baba mdogo, akaacha kitu mezani, chini ya kikombe, bila kusema. Mabati ya nyumba ile, ada ya binti wa kwanza, dawa za mkewe hadi alipofariki, vyote vilipita chini ya kikombe kile. Mimi nilikuwa natuma fedha kutoka ng'ambo kila mwezi nikidhani namtunza baba. Leo najua niliwatunza wawili, na nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Baba alifariki mwishoni mwa Aprili 2020. Mnakumbuka kipindi kile. Ndege za kimataifa zilikuwa zimesimamishwa, hakuna kutoka wala kuingia. Nililia chumbani Göteborg, simu sikioni, namsikia mama upande wa pili. Na watu waliogopa mikusanyiko. Msiba wa Mhaya, mzee mwenye jina kijijini, ulikuwa na watu wa kuhesabika. Majirani walisimama mbali, wengine hawakutoka kabisa, nami siwalaumu.

Baba mdogo hakusimama mbali. Ndiye aliyemwosha. Mkurya alitoka Tarime, mzee wa miaka 70 na zaidi, akabadilisha magari sijui mangapi akafika usiku wa manane, na asubuhi akasimama mbele ya jeneza, visigino pamoja, akapiga saluti: "Jambo afande." Mama anasema alisubiri. Alisimama palepale akisubiri muda ule ambao angejibiwa, kisha akashusha mkono taratibu. Mmakonde hakuweza kusafiri kutoka Mtwara, miguu imemkataa. Tangu siku ile anampigia mama simu kila Jumapili saa mbili usiku, hajakosa. Nimekuwepo, nimeiona simu ikiita.

Na walikaa lindo. Wazee wawili, usiku saba, wakipokezana kando ya kaburi, mmoja analala mwingine anakaa na moto. Hakuna aliyewaagiza. Mama aliwasihi waingie ndani, baridi ilikuwa kali. Mkurya akamjibu, "Shemeji, yeye amelinda sana sisi tukiwa tumelala."

Julai 25, Siku ya Mashujaa, nilikodi gari tukaenda Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya askari wetu waliokufa katika vita vile. Mkurya alikuja kwa ajili hiyo, koti jeusi, medali kifuani zimeng'arishwa mpaka zinamulika. Tulisimama na umati. Siku hiyo nchi yetu huweka mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shoka na shada la maua kwa ajili ya waliotangulia. Baragumu lilipolia nilimshika baba mdogo mkono, nikausikia unatetemeka. Watu walipoanza kutawanyika wao walibaki. Walipita safu kwa safu, polepole, Mkurya akiinama hapa na pale kuokota jani kavu juu ya kaburi, baba mdogo akivuta magugu kwa vidole. Hawakusemezana neno. Tulipotoka nje ya geti ndipo Mkurya akageuka kwangu: "Umekula, mwanangu?"

Mwezi wa Oktoba redio ikatangaza kwamba Jenerali David Musuguri amefariki, akiwa na miaka 104. Ndiye aliyeiongoza Divisheni ya 20 hadi Kampala. Baba mdogo alikuwa kwenye migomba. Alivua kofia akaiweka juu ya shina, akasimama mguu sawa peke yake mle kibanjani kwa dakika kadhaa, halafu akaivaa akaendelea na kazi. Majenerali wetu tunawajua kwa majina, na wanastahili. Lakini nasema wazi, bila kumung'unya: huyu mkulima wa Songea aliyekimbia usiku na kurudi alfajiri naye anastahili kutajwa, na wenzake wako vijijini kote wanazeeka kimya. Kama kuna mmoja karibu nawe, nenda kakae naye na chupa ya chai. Usimuulize habari za bunduki. Muulize alikuwa na nani.

Kuna swali lilinikaa kooni miezi yote hii. Kwetu mtoto hutupia udongo kwenye kaburi la mzazi. Kaka yangu hakufika, mimi sikufika. Wiki iliyopita nikajikaza nikauliza. Baba mdogo alikuwa ananoa panga.

"Nilitia mafumba matatu," akasema. "La kwanza nikasema, hili la mwanao wa Dar es Salaam. La pili nikasema, hili la binti yako aliye ng'ambo, njia zimefungwa, atakuja. La tatu langu."

Sikuweza kuzungumza. Naye hakunilazimisha. Alijaribu makali ya panga kwa kidole gumba, akaniambia kesho nisilale sana.

Saa kumi na moja alfajiri mlango ukagongwa. "Fatiki!" Nikaamka, nikavaa gambuti za baba, nikatoka. Ukungu ulikuwa umekaa chini kwenye migomba. Alikuwa amewasha moto mdogo, panga limelazwa juu ya makaa, kwa sababu ya mnyauko: kutoka shina moja kwenda jingine lazima chuma kipite motoni, na kwa hilo hana msamaha na mtu. Akanipa kijiti chenye panda. Ua dume halikatwi kwa panga, akanionyesha, unalibana kwenye panda, unalizungusha mara moja, linavunjika lenyewe.

"Jambo afande," nikamwambia.

"Jambo," akajibu. "Anza safu ile."